Barabara ya pwani na wanaoikatiza: barua ya wazi kwa wanaoipanga

Kwa: Waziri wa Ujenzi wa Tanzania na Waziri wa Barabara na Uchukuzi wa Kenya, Watendaji Wakuu wa TANROADS na KeNHA mnaosimamia barabara kuu za Tanzania na Kenya, Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha, na wataalamu wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mnaosimamia fedha za mradi huu.

YAH: BARABARA YA BAGAMOYO–PANGANI–TANGA–HOROHORO/LUNGA LUNGA–MOMBASA–MALINDI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka tarafa ya Mkwaja, wilayani Pangani, ambako natunza daftari la BMU, kikundi chetu cha kusimamia rasilimali za bahari: chombo gani kimeingia, kimeleta nini, kilo ngapi, nani kanunua. Nianze kwa kusema kwamba barabara hii tunaitaka, na tumeitaka tangu wazee wetu. Ukitazama ramani, Bagamoyo iko kusini yetu tu, pwani ni moja. Lakini miaka yote hii, mtu wa huku akitaka kwenda Dar es Salaam wakati wa masika amelazimika kwanza kupanda kaskazini, avuke mto kwa kivuko, afike Tanga, kisha azunguke Muheza, Segera na Chalinze ndipo ateremke. Dagaa wamechina magunia kwa magunia wakisubiri udongo ukauke. Wajawazito wamepakiwa kwenye bodaboda usiku wa manane, mume anakimbia nyuma na tochi. Kwa hiyo asije mtu akaisoma barua hii akadhani imeandikwa na wapinga maendeleo.

Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban dola milioni 384 za Marekani kwa awamu ya kwanza, kilomita 175 kwa jumla: Mkange–Pangani–Tanga kwa upande wetu, na Mombasa–Mtwapa–Kilifi kwa upande wa Kenya. Humo limo daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani. Njia nzima, kutoka Bagamoyo hadi Malindi, ni kilomita 460 hivi. Sababu mlizotupa tumezisikia kwenye mikutano na redioni: kufupisha safari kati ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kuunganisha bandari, kuinua utalii wa fukwe na hifadhi, kurahisisha biashara mpakani. Zote ni sababu nzuri. Na zote zinamhusu mtu anayeifuata barabara kwa urefu wake.

Mimi nawaandikia habari za anayeikatiza kwa upana.

Pwani yetu inaishi kutoka bara kwenda baharini na kurudi. Mto unatoka bara unaingia baharini. Mvua ya vilimani inateremka kwa vijito na mabonde mpaka kwenye mikoko. Samaki wanapanda kutoka ufukweni kwenda mashambani na sokoni, muhogo, nazi na mkaa vinateremka. Ng'ombe wanafuata maji, tembo vilevile. Watoto wengi wanalala upande mmoja na kusoma upande wa pili. Sasa ninyi mnaleta barabara inayokwenda kaskazini na kusini, sambamba na bahari, kilomita chache tu kutoka ufukweni. Kila kimoja kati ya hivyo nilivyovitaja lazima kikutane na lami yenu, na kikutane nayo kwa kuikata katikati. Barabara inayotoka bara kuja bandarini ingeweza kupita pembeni ya mengi ya hayo. Hii ya pwani haina pembeni. Ndiyo maana tunaona suala la kuvuka halifai kuachiwa mwisho wa kazi, mkandarasi anapokuja kuchora mistari myeupe.

Niwaonyeshe jambo moja. Mwanamke anayebeba beseni la dagaa kichwani hawezi kugeuza shingo haraka. Akitaka kutazama kulia anageuza mwili mzima, mabega na kiuno, mkono mmoja juu umeshika ukingo wa beseni na maji ya chumvi yanamchuruzika sikioni. Akishatazama kulia, anageuka tena mwili mzima kutazama kushoto. Hapo ndipo anaanza kuvuka, na hatua zake ni fupi kwa sababu mzigo ukiyumba unamwagika. Barabara ya njia mbili huwa na lami ya karibu mita 7. Mama huyu ataivuka kwa sekunde 7 au 8. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, kwa sekunde hizo 8, limeshatembea zaidi ya mita 170. Maana yake gari ambalo alipotazama lilikuwa bado dogo kule kwenye kona, linamkuta katikati ya lami. Likienda 50 litakuwa limetembea kama mita 110, na dereva naye ana nafasi ya kufunga breki. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya, na tunaomba ifanywe kwa kila mahali ambapo watu wetu wanavuka, kabla lami haijakauka.

Mtaniambia kwamba wataalamu wameshahesabu watembea kwa miguu. Sina shaka wamehesabu. Naomba tu kuuliza: walihesabu lini? Huku kwetu dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, wiki ile ya mbalamwezi, vyombo vingi vinapumzika, wavuvi wanashona nyavu, na ukikaa njiani asubuhi unaweza kudhani kijiji kimehama. Mwezi ukifa, vyombo vinarudi alfajiri na samaki, na kuanzia mapambazuko mpaka saa tatu asubuhi njia inajaa: wanawake na mabeseni, vijana na baiskeli zenye matenga mawili, wachuuzi wa bodaboda, wanunuzi wanaotoka Tanga na Muheza. Mtu akija na fomu yake wiki ya mbalamwezi, akakaa saa nne asubuhi chini ya mwembe akahesabu, ataandika kwamba hapa hakuna haja ya kivuko cha waenda kwa miguu. Atakuwa hakusema uongo, na mtu atagongwa. Daftari langu lingeweza kumwambia mgeni yeyote ni siku zipi aje. Na kila mwalo wa pwani hii wenye BMU una mtu mwenye daftari kama langu.

Hofu yetu ina mfano, na mfano wenyewe uko ndani ya Jumuiya hii. Barabara kuu ya Nairobi–Thika, kilomita kama 50, ilizinduliwa Novemba 2012, na Benki hii ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa miongoni mwa waliotoa fedha. Ni barabara ya kujivunia, Wakenya wenyewe watawaambia. Lakini ilizinduliwa vivuko vya juu vikiwa havitoshi, na vingine havikuwa mahali ambapo watu walikuwa wanavukia. Watu wakaendelea kuvuka palepale walipozoea, kwa sababu steji iko pale, soko liko pale, na wengi wakauawa. Madaraja ya waenda kwa miguu yakaongezwa baadaye. Hadi leo, nchini Kenya, watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi la wanaokufa barabarani. Ndugu zetu wa Mtwapa, Kikambala na Vipingo, ambao barabara yao inapanuliwa kuwa ya njia mbili kila upande, wanalijua hili kuliko mimi. Pale penye ukuta wa katikati, mtu anayetaka kufika ng'ambo anatakiwa aende mpaka penye kigeuzio, mbali, kisha arudi. Bodaboda hatafanya hivyo. Atapita kinyume cha magari, na abiria wake nyuma.

Kwa hiyo tunaomba vivuko viwekwe mahali watu wanapovuka sasa, palipochongwa na miguu yao, hata kama mchoro ungependa mita 300 mbele kwa sababu ya kona au mteremko. Kama pale pana hatari, basi barabara ipunguzwe mwendo pale, kwa zebra iliyoinuliwa, rasta (vijituta vya kutikisa gari) kabla yake, kibao cha 50 na taa. Kibao peke yake hatukitegemei. Tumeshuhudia kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera namna madereva wa mabasi wanavyokiheshimu kibao pale tu wanapomwona trafiki. Penye shule, tunaomba tuta. Tunajua madereva wa malori hawapendi matuta, na tunajua yanaharibu magari. Kifo cha mtoto ni kikubwa kuliko springi. Mabega ya barabara nayo yawe mapana na yawe ya lami, yasiachwe ya changarawe, ili baiskeli na mkokoteni vipate pa kupita bila kupigiwa honi.

Nimetaja malori, na hapo nataka mniambie ukweli. Barabara hii inazungumzwa kama njia ya watalii na wasafiri. Lakini bandari ya Tanga imeongezwa kina na gati zake zimejengwa upya, meli kubwa sasa zinafunga gatini. Chongoleani, hapo Tanga, ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Lunga Lunga na Horohoro pana kituo cha pamoja cha mpakani, na barabara ya kilomita 65 kati ya Horohoro na Tanga ilishawekwa lami zamani. Lori linalotoka Mombasa kwenda Dar es Salaam leo linapita Segera. Likipata njia fupi ya pwani, litaichukua. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inaruhusu hadi tani 56 kwa lori. Tani 56 zikishuka mteremko kuelekea kijijini hazisimami kwa sababu mtoto kakimbiza mpira. Kama mmepanga malori yapite, semeni, na mtuonyeshe kwenye ramani yatalala wapi, maana yasipopangiwa maegesho yatalala vijijini, kando ya shule na visima, pamoja na yote yanayofuatana na malori yanayolala.

Sasa maji, na hapa naomba wahandisi wanisikilize kwa makini, kwa sababu mama ntilie hawezi kulitengeneza hili baadaye na halmashauri haina fedha za kulitengeneza.

Shangazi yangu analima mpunga kwenye bonde dogo kando ya barabara nyingine ya lami, ambayo siitaji kwa sababu lengo langu hapa si kumshitaki mtu. Wakati wa ujenzi, kijito chake kilipitishwa kwenye kalavati moja la duara. Ukienda leo utaona kosa kwa macho: mdomo wa kalavati uko juu ya sakafu ya kijito, kimo cha goti la mtu mzima. Maji hayaingii mpaka kwanza yajae bondeni kufikia kimo hicho. Kwa hiyo upande wa bara mpunga unaoza ndani ya maji yaliyotuama, na upande wa bahari, ambako jirani yake alikuwa akilima mpunga uleule, bonde limekauka na limeota magugu. Mvua kubwa ikija, maji yote ya bonde yanatafuta tundu moja. Yanatoka upande wa pili kwa nguvu na kuchimba, na sasa pana shimo ambalo lingemeza gari dogo. Shangazi aliliona siku linapowekwa. Alimwambia fundi kwamba kijito kina njia tatu wakati wa masika, hii mnayoiona ni ya kiangazi. Fundi alikuwa na mchoro wake.

Pwani hii yote iko hivyo. Vijito vyetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, mgeni anaweza kuvivuka asijue kama ni mto. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ndipo vinajionyesha. Na mvua zenyewe sasa hazina adabu. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga na maeneo ya jirani. Barabara kuu, ya lami, tegemeo la mikoa miwili ya kusini. Mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili na watu wakalala njiani. Ile nayo ni barabara ya pwani, inayokatiza mabonde yanayoteremka baharini, sawa kabisa na hii yetu. Somo lake lisisubiri kurudiwa Mkwaja au Mikocheni. Tuta la barabara likiinuliwa bila matundu ya kutosha linageuka bwawa, na bwawa likipasuka linabeba barabara na waliokuwa juu yake. Kabla ya kufunga hesabu ya makalavati, mhandisi mshauri atembee mstari mzima na wazee wa kila kijiji, hasa wanawake wanaolima mpunga, na kila mahali watakaposema "hapa hupita maji", aweke kigingi na aandike. Baadhi ya sehemu atakuta hakuna kitu, sawa. Gharama ya kalavati la ziada ni ndogo ukilinganisha na daraja la dharura la chuma na wiki mbili za mikoa kukatika.

Mikoko nayo inakula maji hayohayo. Maji matamu yakizuiwa juu, chumvi inapanda, mikoko inakufa, na kamba na samaki wachanga wanaojificha kwenye mizizi yake wanapotea. Kuanzia kaskazini ya Pangani hadi Tanga mmeshatangaza, tangu 2009, Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Ingekuwa ajabu Serikali moja ilinde maji ya bahari na iyafunge yanayoilisha.

Kuhusu Saadani sitasema mengi kwa sababu wenzangu wa uhifadhi wanayo ya kusema, ila lipo moja linalotuhusu sisi majirani. Fedha za awamu ya kwanza ziliishia Mkange. Kipande cha Mkange hadi Makurunge, chenye kuvuka Mto Wami, kinapita eneo la Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambapo tembo wanafika mpaka ufukweni na kasa wanataga Madete. Makaratasi ya miaka mingi yameiita barabara hii Bagamoyo–Saadani–Tanga. Tunaomba mstari wake ukae magharibi ya hifadhi, nje kabisa. Tunayo Mikumi ya kutufundisha: barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza hifadhi ile kwa takriban kilomita 50, na pamoja na matuta, vibao vya mwendo na faini kwa kila mnyama anayegongwa, wanyama wanaendelea kuuawa pale. Lami ikishapita ndani, hakuna atakayeihamisha. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Isifike huko tena, tukapoteza miaka mahakamani kwa jambo linaloweza kuamuliwa kwenye meza ya michoro.

Na hata ukikaa magharibi, mstari huo utakata njia za tembo wanaotembea kati ya Saadani na eneo la wanyamapori la Wami-Mbiki. Hilo linatugusa sisi moja kwa moja, kwa sababu tembo aliyezuiwa njia yake hageuki kurudi, anaingia shambani. Muhogo wa mtu ndio unaolipa. Kenya wana majibu mawili ambayo mnaweza kwenda kuyaona kwa macho. Chini ya barabara ya Nanyuki–Meru, karibu na Mlima Kenya, kuna kivuko cha chini cha tembo ambacho walianza kukitumia mwanzoni mwa 2011. Na reli ya SGR ilipopita Tsavo iliachiwa vivuko vya chini, na tembo waliovishwa vifaa vya kuwafuatilia wameonekana wakivitumia. Kivuko cha namna hiyo, kikiwa kipana, hutumiwa pia na ng'ombe wa wafugaji wetu, ambao nao leo hakuna aliyewachorea pa kupita. Ng'ombe 100 wakikatiza lami saa ya jioni ni ajali inayosubiri basi.

Mto Pangani. Daraja litatutoa kwenye mateso ya kivuko, ya kusubiri usiku huku mgonjwa anakata roho upande wa Bweni. Hatuna la kusema isipokuwa kushukuru. Ombi ni dogo: msiondoe kivuko siku ya kukata utepe. Kivuko kinawashusha watu katikati ya mji, sokoni na hospitali. Mwanafunzi, muuza maandazi, kibarua wa Bweni, wote hawana gari, na mzunguko wa darajani kwa miguu chini ya jua ni safari nyingine. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa 2016 na pantoni ya Magogoni haijakosa abiria hata siku moja, kwa sababu hiyohiyo. Wahesabuni kwanza wanaovuka kwa miguu, kisha muamue. Na juu ya daraja lenyewe, njia ya waenda kwa miguu iwe na ukingo wa kweli na iwe na taa.

Fidia nitaipita haraka kwa sababu sheria zipo na zinasomeka. Sheria za Ardhi za 1999 zinasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema uthamini ukipita miaka miwili bila malipo umekwisha muda wake. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 mpaka 30 kila upande, na ndipo zilipozaliwa X za kijani na X nyekundu kwenye kuta zetu, alama za nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Tunaomba tu mtu asiishi miaka na X ukutani bila kuambiwa tarehe. Hajengi, hapandi minazi mipya, hakopesheki. Mnazi unachukua miaka kuanza kuzaa. Aliyeacha kupanda kwa sababu ya alama yenu amepoteza mavuno ambayo hakuna jedwali la mthamini linaloyaona.

Nimalizie kwa namna ya kufanya kazi, kwa sababu yote niliyoomba yanasimama au kuanguka hapo. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2005 zinataka muhtasari wa Kiswahili, kwa lugha isiyo ya kitaalamu. Muhtasari tunaushukuru, lakini kivuko cha watu barabarani hakimo kwenye muhtasari. Kimo kwenye michoro. Na michoro iko kwa Kiingereza, kwenye tovuti, katika faili ambalo simu zetu hazilifungui. Tunaomba kila kijiji kinachoguswa, kutoka Makurunge mpaka Horohoro, na kutoka Lunga Lunga mpaka Malindi kwa ndugu zetu, kipewe karatasi kubwa moja ya kubandikwa ofisi ya kijiji au kwa chifu. Ionyeshe kipande cha kijiji hicho tu: mstari wa barabara, kila kalavati, kila kivuko, kila kituo cha basi, kila tuta, kwa Kiswahili, na majina tunayoyatumia sisi, kisima cha fulani, mbuyu wa njiapanda, mwalo. Ibandikwe siku 30. Kisha mkutano mkuu wa kijiji uitwe, mhandisi aje na kalamu nyekundu, na mabadiliko yatakayokubaliwa yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano na kusainiwa na pande zote. Yatakayokataliwa nayo yaandikwe, pamoja na sababu. Kazi ya namna hii haihitaji mkopo mpya.

Mahali ambapo lami imeshalala, fanyeni ukaguzi wa usalama sasa, na watembea kwa miguu wawemo kwenye timu ya ukaguzi. Mahali ambapo haijalala, muda upo.

Kwa upande wetu, BMU iko tayari kutoa daftari lake, tarehe za giza na za mbalamwezi za mwaka mzima, na watu wa kusimama na wahesabuji wenu. Tukijulishwa kwa barua au hata kwa simu kupitia ofisi ya mtendaji wa kata, tutawapangia wiki ya kuja. Mfike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na aje yule mwenye mamlaka ya kubadilisha mchoro.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtunza daftari wa BMU,
Tarafa ya Mkwaja, Pangani, Tanga